Kumvisha mpiga upinde wa Carvoran: shajara ya mradi

Januari

Kikundi chetu cha kuigiza historia, huku kaskazini mwa Uingereza, kina waigizaji wa askari wa legioni za Rumi wa kumwaga. Kila mgeni anayejiunga anataka ngao kubwa nyekundu na deraya ya mabamba, na simlaumu, maana ndivyo sinema zilivyotuzoesha. Mpiga upinde hatuna hata mmoja. Nimeiomba kazi hiyo nikapewa: mavazi yote na silaha zote za askari mmoja wa kawaida wa kohorti ya kwanza ya Wahamii, tangu soksi hadi kigumba cha mshale. Siku za maonyesho zitavishwa sanamu, siku za gwaride zitavaliwa na mtu mzima mwenye jasho lake, kwa hiyo urembo wa kubandika haufai.

Wahamii walitoka Hama, mji ulio kando ya mto Orontes huko Siria. Walikuwa askari wasaidizi, yaani watu wa majimbo ambao hawakuwa raia wa Rumi, wakapangwa katika kohorti za watu wapatao 500 kila moja kwa hesabu ya karatasi. Kohorti hii ililetwa Carvoran, ngome ambayo Warumi waliiita Magna, nyuma kidogo ya Ukuta wa Hadrianus, ukuta wa mpaka wa Warumi huku Uingereza. Ukisimama pale mwezi kama huu upepo wa magharibi unakupekua hadi mifukoni, na huwezi kuacha kujiuliza mtu wa Orontes alimwambia nini mwenzake asubuhi ya kwanza.

Nimechagua miaka ya 136 hadi 138. Sababu ni jiwe moja: madhabahu ya Fortuna Augusta, mungu wa kike wa bahati, iliyopatikana Carvoran, iliyowekwa na mkuu wa kohorti, Titus Flavius Secundus, kumwombea salama Lucius Aelius Caesar. Huyu Aelius aliteuliwa mrithi wa Kaisari Hadrianus mwaka 136 akafariki siku ya kwanza ya Januari 138. Jiwe la kumwombea uzima haliwezi kuwa la kabla ya hapo wala la baadaye. Jina la Secundus huyo huyo liko pia kwenye mawe ya boma la ngome. Moja linasema senturia (kikosi kidogo ndani ya kohorti) ya Silvanus ilijenga futi 112. Basi namvisha mtu aliyebeba mawe yale.

Kanuni ya mradi ni moja. Kitu kinachoonekana kwenye picha tu, bila kifaa kilichochimbwa wala andiko la kukiunga mkono, hakiingii.

Februari

Kanuni hiyo imegonga mwamba mapema, kwenye kanzu.

Ukimtaja mpiga upinde wa jeshi la Rumi, watu wote huona mtu mmoja: kanzu pana inayoburura hadi vifundoni, chapeo iliyochongoka, upinde mfupi uliojipinda mara mbili. Mtu huyo ametoka mahali pamoja, Nguzo ya Traianus iliyozinduliwa Roma mwaka 113 kuadhimisha vita vya Kaisari Traianus huko Dacia, Romania ya leo. Ni ukanda wa mchongo wa karibu mita 200 unaozunguka nguzo, wenye watu zaidi ya 2,500. Nilikwenda London kuitazama nakala ya plasta kwenye Makumbusho ya Victoria na Albert, ambako imesimamishwa kwa vipande viwili kwa sababu ukumbi haukutosha urefu wake. Nakala ile ni ya miaka ya 1860, kwa hiyo imehifadhi mambo ambayo hewa chafu ya Roma imekwisha kuyala kwenye marumaru yenyewe.

Wapiga upinde wapo, na wamechongwa kwa upole mkubwa. Mikunjo ya kanzu zao inateremka vizuri mno. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi. Kwenye nguzo hiyo hiyo kuna wapanda farasi wa Kisarmatia waliovikwa magamba yanayobana mwili kama ngozi ya samaki, wao na farasi wao, hadi kwenye kwato. Hakuna mtu anayeweza kupanda farasi akiwa hivyo, na hakuna farasi anayeweza kwenda hivyo. Mchongaji alisikia kwamba watu wale na farasi wao huvaa magamba, naye akayachonga magamba. Kule Adamklissi, Romania, karibu na vita vilikopiganwa, mafundi wa huko huko walichonga mnara uliowekwa wakfu mwaka 109. Uchongaji wao ni mzito na watu wao wana vichwa vikubwa, lakini wameonyesha kinga za mikono za askari wa legioni, jambo ambalo mabingwa wa Roma hawakulijua au hawakulijali.

Nikaenda kwenye makaburi. Huko askari hakuchongwa kumpendeza Kaisari. Alilipiwa na warithi wake, na jirani zake wa kambini walilipita jiwe kila siku. Mainz, Ujerumani, lipo jiwe la Monimus mwana wa Jerombalus, askari wa kohorti ya kwanza ya Waiturea, watu wa milima ya Lebanoni. Alikufa akiwa na miaka 50. Amesimama kichwa wazi, upinde mkono mmoja, mishale mkono mwingine, na nguo aliyovaa ni kanzu fupi ileile ya askari mwingine yeyote wa mto Rhine. Maris mwana wa Casitus, mpanda farasi wa kikosi cha Waparthi na Waarabu, anapiga mshale akiwa juu ya farasi huku mtumishi nyuma akimwandalia mingine. Bingerbrück kuna Abdes Pantera wa Sidoni, aliyetumikia miaka 40 na kufa na 62. Sehemu ya juu ya jiwe lake imevunjika, kichwa hakipo, lakini vazi la kijeshi limebaki. Watu hawa wana majina ya nyumbani kwao, miungu ya nyumbani kwao na silaha ya nyumbani kwao. Kanzu ya kuburura haipo.

Hata Siria kwenyewe haipo kirahisi hivyo. Michongo ya Palmyra inaonyesha wapanda farasi na ngamia wenye podo, nao wamevaa kanzu fupi zenye nakshi na suruali, mtindo waliouchukua kwa Waparthi.

Wapo wanaoitetea Nguzo kwa kusema kwamba waliochongwa pale hawakuwa wa kohorti za kudumu bali wapiganaji waliokodiwa kwa vita ile tu, wakaja na nguo zao. Hoja hiyo naiheshimu. Tunajua wafalme wadogo wa mashariki walikuwa wakitoa wapiga upinde kwa mafungu: mwanahistoria Josephus anasema mwaka 67 Antiochus, Agrippa na Sohaemus kila mmoja alimpa jenerali Vespasianus wapiga upinde wa miguu 2,000. Lakini mtu wangu si wa kukodiwa. Ana mkuu Mrumi, ana senturia, ana posho inayokatwa bei ya nguo.

Uamuzi: kanzu ndefu nje. Chapeo iliyochongoka nimeiweka kiporo.

Machi

Mwezi wa kitambaa, na mwezi wa raha kupita yote hadi sasa.

Lipo andiko moja la mafunjo kutoka Philadelphia, Misri, la mwaka 138, mwaka wetu kabisa. Ni agizo la serikali kwa wafumaji: watengeneze nguo za jeshi lililoko Kapadokia. Kanzu moja nyeupe ya kufungwa mkanda, urefu dhiraa tatu na nusu, upana dhiraa tatu na vyanda vinne, uzito mina tatu na robo tatu, bei drakma 24. Mashuka manne meupe ya Kisiria, kila moja dhiraa sita kwa nne. Na blanketi moja la hospitali ya jeshi. Sufu iwe laini, nyeupe, isiyo na taka, iliyofumwa vizuri na kukazwa pindo. Ni kama kusoma tenda ya serikali ya siku hizi, isipokuwa imeandikwa vizuri zaidi.

Kapadokia si Uingereza, najua. Lakini jeshi lilikuwa moja, na gavana wa Kapadokia miaka michache kabla ya agizo hilo, Arrianus, ndiye aliyetuachia mpango wa vita dhidi ya Waalani wa mwaka 135, ambamo wapiga upinde wa miguu wanapangwa nyuma ya safu nane za legioni, warushe mishale juu ya vichwa vya wenzao. Nikipata nguo ya jeshi lenye wapiga upinde, la mwongo uleule, yenye vipimo, sitaki zaidi.

Kwa dhiraa ya Kirumi ya sentimita 44.4, kanzu inatoka na urefu wa sentimita 155 na upana wa 141. Nilimpigia simu shangazi yangu, mshonaji wa miaka mingi Tanga, nikamtumia vipimo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hii uliyonitumia si kanzu, ni shuka lenye tundu la shingo. Huyo mtu ana urefu gani? Itafagia chini."

Ana haki. Kanzu ya Kirumi haikatwi mabega wala kwapa. Ni mraba wa kitambaa, au miwili iliyounganishwa, na upana ukizidi mabega unaangukia mikononi na kuwa kama mikono mifupi. Kwa mtu wa sentimita 170, urefu wa 155 kutoka begani unafika hadi chini. Kwa hiyo kanzu ya kawaida ya askari wa kawaida, bila mkanda, ndiyo ile kanzu ndefu ya Nguzo!

Lakini agizo linasema ni ya kufungwa mkanda, na mkanda ndio kila kitu. Unaivuta juu, unaifunga kiunoni, kitambaa kinachozidi kinaning'inia juu ya mkanda, na pindo linapanda juu ya magoti. Quintilianus, mwalimu wa ufasaha, anawaambia mawakili kanzu yao iishie chini kidogo ya magoti. Ikishuka zaidi ni ya wanawake, ikipanda zaidi ni ya masenturioni, wakuu wa senturia. Na mwandishi Suetonius anaeleza adhabu moja aliyoipenda Kaisari Augustus: maofisa waliokosa walisimamishwa mchana kutwa mbele ya hema kuu wakiwa na kanzu tu, bila mkanda. Bila mkanda nguo inaporomoka, na mwanamume anasimama mbele ya kambi nzima katika gauni. Hiyo ndiyo iliyokuwa fedheha yenyewe.

Sasa niambieni mkuu kama Secundus angepanga kohorti yake boma zima ikiwa imevaa hivyo. Kwangu jambo hili lina nguvu kuliko mawe yote ya makaburi. Mchongaji wa Roma alitaka Mwasia wake aonekane Mwasia, laini na wa mbali, akamfungulia mkanda. Kambini kufunguliwa mkanda kulikuwa adhabu.

Kitambaa nimeagiza cha sufu nyeupe isiyotiwa rangi, na shangazi ameshona kwa mkono. Uzito umetoka karibu kilo moja na nusu, chini kidogo ya mina za agizo, ambazo ni kama kilo 1.6. Shuka la Kisiria, sentimita 266 kwa 178, nimelikunja mara mbili na kulibana bega la kulia kwa bizimu ya shaba. Watu watauliza kwa nini si jekundu. Nitawapa agizo la mafunjo wasome.

Aprili

Mkanda na dirii. Sina mengi.

Mkanda ni ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa magome ya miti, na vibamba vya shaba vyenye matundu ya nakshi, mtindo wa karne ya 2. Upanga mfupi unakaa nyonga ya kulia, kama ulivyo kwa wapiga upinde wa Nguzo wenyewe. Hapo ushahidi wa kuchimbwa upo tele na sina ugomvi.

Dirii nimechagua ya pete za chuma, safu moja ya pete nzima na safu inayofuata ya pete zilizofungwa kwa ribiti, kwa zamu. Baadhi ya wapiga upinde wa Nguzo wanayo. Magamba nayo yangefaa, na kipo kipande kizuri kutoka Carpow, Uskochi, ambacho bado kimeshikamana na kitambaa chake cha kitani, lakini nimejaribu kuvuta upinde ndani ya shati la magamba la rafiki na nikaona jinsi magamba ya begani yanavyosukumana mkono unapopanda. Pete zinafuata mwili. Mikono mifupi, na bila yale mabawa mawili ya begani ambayo askari wa miguu huongeza kuzuia panga, kwa kuwa upote ukirudi unapita hapo hapo. Kigasha cha kushoto kina kinga ya ngozi.

Mei hadi Julai

Upinde. Mengine yote ni nguo.

Hapa hatubahatishi, kwa sababu Wahamii wametuachia vipande vyenyewe. Baada ya Kaisari Antoninus Pius kuanza ukuta wake kule Uskochi mwaka 142, kohorti ilihamia ngome ya Bar Hill. Mkuu wao Caristanius Justianus aliweka huko madhabahu ya mungu Silvanus. Na Bar Hill hiyo hiyo vimechimbwa vibao vyembamba vya pembe ya kulungu vilivyokuwa vikifunika ncha za upinde. Caerleon, Wales, vimepatikana vingi. Oberaden, Ujerumani, kambi iliyotumika miaka michache tu kuanzia mwaka 11 kabla ya Kristo, navyo vipo. Mbao imeoza, kano zimeoza, gundi imeoza, ila vibao vimebaki.

Vibao hivyo vinatuambia kwamba huu ulikuwa upinde wa tabaka. Katikati kuna ubao mwembamba. Upande unaomwelekea mpigaji umebandikwa pembe, ambayo hustahimili kubanwa. Upande wa nje umebandikwa kano za mnyama zilizochanuliwa kuwa nyuzi, ambazo hustahimili kuvutwa. Ukiufungua upote unageuka mbele, kinyume kabisa cha mwelekeo wa kuvutwa, kwa hiyo ukishafungwa tayari umejaa nguvu kabla hujavuta. Ncha zake hazipindi. Ni ngumu, zimeinama mbele, zinafanya kazi ya wenzo: mwanzo wa kuvuta ni mgumu na mwisho ni mwepesi kuliko unavyotarajia. Ncha hizo ngumu ndizo zilizovikwa vibao vya pembe, kimoja kila upande, na kwenye kibao kumechongwa mkato unaoshika upote, kwa sababu mbao tupu ingekatwa na upote baada ya msimu mmoja.

Nimetumia mti wa mepo (maple), pembe ya nyati wa majini, na kano za miguu ya ng'ombe kutoka kwa mchinjaji mmoja asiye na maswali mengi. Kano zinakaushwa, zinapondwa kwa nyundo ya mbao mpaka zifumuke, kisha zinachanuliwa. Gundi ni ya samaki, ya vibofu. Mke wangu ameomba kazi hiyo ifanyike bandani, na imefanyika bandani.

Kubandika pembe ni siku moja ya kamba na vibanio. Pande zote mbili, mbao na pembe, zinakwaruzwa mifereji midogo ya urefu ili gundi ipate pa kushika. Kano ndizo zinazokula miezi. Unalowesha fungu katika gundi ya vuguvugu, unalilaza, unalichana liwe sawa, unaacha likauke, na linapokauka linajivuta na kuukunja upinde mbele zaidi. Tabaka la pili lisubiri la kwanza likauke sawasawa. Ukiharakisha, unyevu unabaki ndani na gundi inaachia siku ya kwanza ya jua. Joto la Hama lingefanya kazi hii kwa muda mfupi. Hapa nimeweka upinde juu ya boila na kuufunika kwa gazeti.

Hilo linaniletea swali ambalo kila mgeni wa maonyesho huuliza: upinde wa gundi katika nchi ya mvua? Jibu ni kwamba jeshi liliuleta na likakaa nao vizazi. Mkuu wa kohorti hii bado anaandikisha jiwe la Mungu wa kike wa Siria Carvoran miaka ya 160, baada ya Wahamii kurudi kutoka Uskochi. Kano zinafunikwa kwa ngozi nyembamba au gome, zinapakwa mafuta, na upinde unatembea ndani ya ala. Nami nimevika ngozi nyembamba ya mbuzi, nikapaka nta.

Nguvu ya kuvuta nimeilenga ratili 45. Askari wa kweli alivuta zaidi, sina shaka, lakini mtu wetu atakuwa akionyesha watoto wa shule mara kumi mfululizo.

Agosti

Mishale. Kielelezo ni Dura-Europos, mji wa ngome kwenye mto Frati ulioangukia mikononi mwa Waajemi karibu na mwaka 256, na ambako ukavu wa jangwa umehifadhi hata mbao na manyoya. Ni karne nzima baada ya mtu wangu, lakini kohorti iliyokaa huko, ya ishirini ya Wapalmyra, ni ya Wasiria wenzake, na Uingereza haijahifadhi mshale mzima wa kulinganisha.

Mawano ya Dura ni matete. Tete ni jepesi na limenyooka lenyewe, lakini lina uwazi, na ukilichomeka kigumba chenye mkia wa chuma litapasuka mara ya kwanza linapogonga kitu kigumu. Kwa hiyo mbele kunachomekwa kipande cha mti mgumu, kinafungwa kwa uzi wa kano, na kigumba kinaingia kwenye mti. Mshale ukigonga ngao kinachovunjika ni kile kipande. Unachomeka kingine, tete linarudi podoni. Manyoya ni matatu. Mawano yalichorwa milia ya rangi, na nimeiga.

Kigumba cha wapiga upinde wa mashariki ni cha mabawa matatu, chenye mkia wa kuchomeka. Niliamini ni kazi nyepesi mpaka nilipokaa kwa mhunzi, mzee mmoja wa kijiji jirani ambaye hutengeneza milango ya bustani. Alikitazama kielelezo muda mrefu, akasema mtu aliyekuwa akifua hivi kwa maelfu hakuwa na muda wa kuwa na hasira. Mabawa matatu yanatolewa kwenye ufito mmoja wa chuma kwa kupiga pande tatu juu ya fuawe yenye mfereji, moto mdogo, nyundo ndogo. Mhunzi amefua kumi na viwili na amekataa cha kumi na tatu.

Podo ni mwanzi wa ngozi ngumu wenye kifuniko, unaning'inia nyuma ya bega la kulia. Jiwe maarufu la mpiga upinde lililopatikana Housesteads, ngome nyingine ya Ukuta, sasa liko Newcastle kwenye Makumbusho ya Great North: upinde mkono wa kushoto, podo begani. Nimelitazama mara nyingi kiasi kwamba walinzi wamenizoea.

Juu ya umbali, Vegetius, mwandishi wa mambo ya vita wa mwishoni mwa karne ya 4 au mwanzoni mwa ya 5, anasema shabaha za mazoezi ziliwekwa futi 600, yaani karibu mita 178, na kwamba theluthi au robo ya vijana wapya wafundishwe upinde. Halafu kuna askari wa kikosi cha Wabatavi wa enzi ya Hadrianus ambaye jiwe lake linajigamba kwamba alirusha mshale juu na, ukiwa bado hewani ukirudi, akaupiga kwa wa pili akauvunja. Kikosi chake hakikuwa cha Wasiria. Kilikuwa cha watu wa mdomo wa mto Rhine. Naliweka kwenye kibao cha maelezo kwa furaha, maana linavunja dhana kwamba upinde ulikuwa damu ya watu wa mashariki tu.

Septemba

Miguuni mambo yamekuwa mepesi kwa sababu Carvoran iko karibu na Vindolanda, ngome nyingine ya Warumi, na barua zilizochimbwa huko zinataja kila kitu. Mtu mmoja ametumiwa soksi, jozi mbili za kandambili na chupi mbili. Kwa hiyo: soksi za sufu, chupi, suruali fupi hadi chini ya goti kama wanavyovaa wasaidizi wote wa Nguzo, na buti zilizofungwa, zenye misumari kwenye soli. Zile kandambili za kamba za sinema zilikuwa zimekwisha pitwa na wakati miaka hiyo.

Mwaka 2025 wachimbaji wa Magna walitoa kwenye handaki la ngome viatu vya ngozi vikubwa ajabu, kirefu kupita vyote kikiwa sentimita 32.6. Mwenzetu atakayevaa vazi hili ana mguu mkubwa na alikuwa akiona haya. Haoni haya tena.

Imebaki chapeo, niliyoiweka kiporo tangu Februari. Nimeijaribu kwa upinde wa mazoezi. Chapeo ya kawaida ya askari wasaidizi ina ukingo wa mbele juu ya paji na mabamba mapana ya mashavu. Ukivuta hadi taya, upote unakwaruza bamba la shavu, na ukiinua mkono kwa shabaha ya mbali unagusa ukingo. Chapeo iliyochongoka haina ukingo wa mbele, na uso uko wazi. Na tofauti na kanzu, hii imechimbwa: ipo ya shaba kutoka Đakovo, Croatia, na ya Karaağaç, Bulgaria, iliyopambwa miungu. Zote ni za upande wa Danube, ambako kohorti nyingine za Wasiria zilikaa, kama ile ya watu wa Emesa kule Intercisa, Hungaria.

Kwa hiyo chapeo ya Nguzo inaingia, bila nakshi, na kanzu ya Nguzo inabaki nje. Mchongaji yule yule, mtu yule yule, nusu naikubali nusu naikataa, na najua wapo kikundini watakaoona nimejichagulia. Vigezo vyangu viko Januari juu kabisa. Waje na kanzu iliyochimbwa.

Hali ya kazi leo: kanzu, shuka, mkanda, buti, soksi, kinga ya kigasha na podo vimekamilika. Dirii imefika kiunoni, bado safu za chini. Mishale kumi na miwili iko tayari. Chapeo iko kwa mhunzi, ambaye amekubali kwa sharti kwamba isiwe na mabawa. Tabaka la mwisho la kano liko juu ya boila na halitafungwa upote kabla ya majira ya kuchipua, hata kikundi kiseme nini. Maonyesho ya Novemba yatatumia upinde wa mazoezi, na kibao kitasema hivyo. Kinachofuata ni ala ya upinde. Nina ngozi ya kutosha, na nataka kifuniko chenye mdomo mrefu unaokunjwa mara mbili, kwa ajili ya mvua ya ubavuni.